Upasuaji wa matundu madogo: Mikono stadi itangulie mashine

KILA serikali ya kaunti inapozindua mashine mpya hospitalini, wananchi hualikwa kushuhudia utepe ukikatwa. Hotuba hutolewa, picha hupigwa, na ahadi ya matibabu ya kisasa hurudiwa kwa mbwembwe. Swali ambalo ni nadra kuulizwa katika hafla hizo ni hili: Je, ni nani atakayeishika mashine hiyo kesho asubuhi, na amefunzwa na nani kuitumia?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika matibabu ya figo, kibofu cha mkojo na tezi dume. Katika tawi hili la tiba, upasuaji wa kufungua tumbo au ubavu umekuwa ukiupisha, mwaka baada ya mwaka, upasuaji wa matundu madogo. Mataifa yaliyotangulia yaligundua mapema kwamba mageuzi haya huletwa na watu kabla ya kuletwa na vyombo. Daktari ambaye tayari ni bingwa hurudi tena chini ya mwalimu kwa mwaka mmoja au miwili ili kujifunza kazi hiyo pekee.

Wenzetu wa Tanzania huyaita mafunzo ya ngazi hiyo ubingwa bobezi. Kenya ina mabingwa wa upasuaji wa mfumo wa mkojo, lakini njia ya kuwafikisha kwenye ubobezi bado ni nyembamba, ghali na, mara nyingi, huanzia uwanja wa ndege.

Kovu na riziki

Zamani, daktari aliyetaka kuondoa jiwe lililokwama kwenye figo hakuwa na budi kumpasua mgonjwa ubavuni. Mgonjwa alibaki na kovu refu, akalala wodini siku nyingi na kukaa wiki kadhaa bila kufanya kazi nzito. Leo jiwe hilo laweza kufikiwa kupitia tundu la takriban sentimita moja mgongoni. Jingine huondolewa bila kukata ngozi kabisa: kifaa chembamba chenye kamera hupitishwa kwenye njia ya mkojo hadi ndani ya figo, na jiwe likavunjwavunjwa kwa miale ya leza.

Kadhalika, mzee ambaye mkojo wake umezibwa na tezi dume iliyovimba anaweza kutibiwa kupitia njia hiyo hiyo. Daktari huichonga tezi kutoka ndani, mithili ya mtu anayetoa nyama ya chungwa na kuliacha ganda.

Kwa mwendeshaji bodaboda, mkulima wa majani chai au mama muuza mboga, tofauti baina ya kurudi nyumbani baada ya siku mbili tatu na kulazwa kwa muda mrefu hupimwa kwa karo ya watoto na kodi ya nyumba. Fauka ya hayo, saratani ya tezi dume ndiyo inayowapata wanaume wengi zaidi nchini kuliko saratani nyingine yoyote, na si wachache wanaochelewa kufika hospitalini kwa aibu au kwa kuogopa kisu.

Mkono unaojifunza upya

Mbinu hizi hazikuzuka kwa siku moja. Mjerumani Maximilian Nitze alionyesha kifaa cha kutazama ndani ya kibofu mwishoni mwa miaka ya 1870. Mwaka wa 1976, Fernström na Johansson wa Uswidi walieleza jinsi ya kutoa mawe ya figo kupitia tundu dogo mgongoni. Mnamo 1980, madaktari wa Munich, Ujerumani, walivunja mawe ya figo ya mgonjwa kwa mawimbi yaliyotoka nje ya mwili. Kisha Juni 1990, Ralph Clayman na wenzake mjini St. Louis, Marekani, waliondoa figo nzima ya mama mwenye umri wa miaka 85 kupitia matundu madogo ya tumbo.

Kila hatua iliwalazimu madaktari waliobobea katika mbinu za zamani kuwa wanagenzi tena. Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa anayeinama ni mtu mzima mwenye shahada zake ukutani.

Sababu ni rahisi kueleweka. Katika upasuaji wa wazi, jicho huona kiungo chenyewe na vidole hukipapasa. Katika upasuaji wa matundu madogo, jicho hutazama skrini, na mara nyingi skrini hiyo haionyeshi vyema umbali kati ya kitu na kitu. Vifaa ni virefu, na kwa kuwa hugeukia kwenye tundu mfano wa kasia kwenye kishwara, mkono ukienda kulia ncha huenda kushoto. Ubongo huhitaji muda kuizoea hali hiyo, na muda huo hauuzwi pamoja na mashine.

Ushahidi wa jambo hili upo. Mwaka wa 2007, watafiti nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa rekodi za wagonjwa 7,765 waliofanyiwa upasuaji wa wazi wa saratani ya tezi dume na madaktari 72. Uwezekano wa saratani kurejea katika muda wa miaka mitano ulikuwa asilimia 17.9 kwa mgonjwa wa daktari aliyekuwa amefanya upasuaji huo mara 10. Kwa mgonjwa wa daktari aliyekuwa ameufanya mara 250, ulishuka hadi asilimia 10.7.

Miaka miwili baadaye, ulichapishwa uchunguzi kama huo kuhusu upasuaji wa matundu madogo, uliotumia rekodi za wagonjwa 4,702 wa madaktari 29 katika Ulaya na Amerika Kaskazini. Huko, kujifunza kulikuwa kwa polepole zaidi. Uwezekano wa saratani kurejea ulikuwa asilimia 17 kwa daktari mwenye uzoefu wa mara 10, asilimia 16 kwa mwenye 250, na asilimia 9 kwa mwenye 750. La kushangaza ni kwamba madaktari waliokuwa na uzoefu wa upasuaji wa wazi walipata matokeo mabaya zaidi kuliko wale walioanza moja kwa moja na matundu madogo.

Funzo ni bayana. Uzoefu wa miaka mingi wa kisu kikubwa haugeuki kuwa ustadi wa tundu dogo kwa semina ya wikendi. Na daktari akijifunza kwa kubahatisha, anayelipa gharama ni mgonjwa aliyelala mezani.

Ngazi yenye kidato kinachokosekana

Daktari wa Kenya husomea shahada ya kwanza kwa miaka sita, kisha hufanya kazi ya mafunzo hospitalini kwa mwaka mmoja. Anayetaka kuwa bingwa wa mfumo wa mkojo anaweza kusomea uzamili katika Chuo Kikuu cha Nairobi, au kufuata njia ya Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, ya Kati na ya Kusini (COSECSA). Chuo hicho, kilichoanzishwa mwaka wa 1999 na chenye makao makuu Arusha, hakina majengo ya kufundishia. Wanafunzi wake husomea katika hospitali zilizoidhinishwa, na safari nzima huchukua takriban miaka mitano.

Hadi hapo daktari amefunzwa mengi: majeruhi wa ajali, watoto waliozaliwa na kasoro, njia za mkojo zilizoziba, saratani na dharura za usiku wa manane. Mafunzo hayo yamekusudiwa kutoa bingwa awezaye kuhudumia hospitali ya rufaa inayopokea kila aina ya mgonjwa. Hilo ni sawa kabisa. Hata hivyo, upana huo huacha nafasi ndogo ya kurudia upasuaji mmoja mgumu mara mia.

Hapo ndipo wenzao wa ng'ambo huingia kidato kinachofuata. Chama cha kimataifa cha Endourological Society, mathalan, husimamia nafasi za mafunzo ya mwaka mmoja au miwili katika vituo vinavyotambuliwa. Mwanagenzi hushinda katika chumba cha upasuaji pamoja na mwalimu wake. Huanza kwa kushika kamera, akapewa hatua nyepesi, kisha ngumu, hadi siku mwalimu anaporudi nyuma na kutazama tu.

Daktari wa Kenya anayeomba nafasi kama hizo hukumbana na ukuta. Nchini Marekani, asiye na leseni ya huko haruhusiwi kumfanyia mgonjwa upasuaji. Huruhusiwa kusimama pembeni na kutazama. Kutazama kuna faida yake, lakini hakuna aliyewahi kuwa nahodha kwa kukaa ufuoni akihesabu majahazi.

Nadiad, Moshi na Kigali

Si lazima macho yaelekee magharibi pekee. Katika mji wa Nadiad, jimbo la Gujarat nchini India, kuna Hospitali ya Muljibhai Patel ambayo tangu 1978 imejikita katika magonjwa ya figo na mfumo wa mkojo. Nadiad ni mji wa kadiri, haulingani na Mumbai wala Delhi. Hata hivyo, hospitali hiyo imejipatia sifa duniani kwa upasuaji wa mawe ya figo na kwa kuwafunza madaktari. Wagonjwa wa aina moja hukusanywa mahali pamoja, wakatibiwa na timu moja, wanafunzi wakishiriki.

Wakenya wanaijua India vyema, kwani kwa miaka mingi familia zimefanya harambee ili kumsafirisha jamaa akatibiwe huko. Ingefaa harambee moja ya kitaifa imsafirishe daktari, ili wagonjwa mia wasilazimike kusafiri.

Karibu zaidi, ng'ambo ya mpaka wa Taveta, hospitali ya KCMC mjini Moshi imekuwa kwa miongo kadhaa chemchemi ya mabingwa wa mfumo wa mkojo katika ukanda huu. Madaktari wa Uingereza, kupitia tawi la chama chao liitwalo Urolink, wamekuwa wakizuru Moshi kufundisha. Ubora wa utaratibu huo ni kwamba mwalimu ndiye anayesafiri. Mwanafunzi hujifunza kwa wagonjwa wa nyumbani, kwa vifaa atakavyobaki navyo, na wauguzi wake wakijifunza sako kwa bako naye.

Nchini Rwanda, taasisi ya IRCAD Africa ilifunguliwa rasmi jijini Kigali mnamo Oktoba 2023. Ni tawi la taasisi iliyoasisiwa na Jacques Marescaux mjini Strasbourg, Ufaransa, mwaka wa 1994, na kazi yake kuu ni kufunza upasuaji wa matundu madogo. Huko daktari hufanya mazoezi kabla ya kumkaribia mgonjwa.

Lakini kozi ya siku chache, hata iwe bora vipi, ni mlango tu. Anayetoka Kigali na kurejea katika hospitali isiyo na kamera wala mwalimu wa kumsimamia huenda akasahau alichofunzwa kabla ya mwaka kwisha.

Hesabu za mashine

Kenya ina kumbukumbu chungu katika jambo hili. Mwaka wa 2015, serikali kuu ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali 98, kwa mkataba wa miaka saba uliokadiriwa mwanzoni kugharimu Sh38 bilioni. Kamati ya Seneti iliuchunguza mpango huo, na ripoti yake ya 2020 ikaonyesha kwamba baadhi ya vifaa vilikuwa vimekaa bure, hospitali husika zikiwa hazina wataalamu, majengo au umeme wa kuviendesha. Wakati huo wote, fedha za kaunti zilikuwa zikikatwa kuvilipia.

Kosa hilo linaweza kurudiwa kwa urahisi, maana kamera za upasuaji, leza na sasa roboti ni bidhaa zinazovutia macho ya wanasiasa. Kifaa chembamba cha kuingia kwenye figo ni laini mno. Huharibika upesi mikononi mwa asiyekizoea, na kukitengeneza ni ghali.

Tuchukue hesabu rahisi. Daktari anayefanya upasuaji fulani mgumu mara moja kwa wiki atahitaji karibu miaka mitano kufikisha mara 250. Kituo kinachoufanya mara tano kwa wiki hufikisha idadi hiyo kwa mwaka mmoja. Sasa, wagonjwa hao watano wakigawanywa katika kaunti tano, kila moja na mashine yake, hakuna daktari hata mmoja atakayebobea upesi, na hatapatikana mwalimu wa kuwafunza wengine.

Hoja hii ina upande wake mchungu. Mgonjwa wa Mandera, Lodwar au Lamu amechoka kuambiwa kwamba tiba iko Nairobi. Ugatuzi ulikuja kumpunguzia safari hiyo, na mwanasiasa anayedai huduma ifike kwao hana kosa.

Jawabu ni kutenganisha aina za kazi. Huduma zinazohitajika kila siku, kama vile kuchunguza kibofu kwa kamera, kuchonga tezi dume kupitia njia ya mkojo na kuondoa mawe mepesi, zinafaa kusambazwa hadi hospitali za rufaa za kaunti. Upasuaji mgumu na adimu, kama wa kuondoa saratani ya tezi dume au kukata sehemu ya figo, ukusanywe katika vituo vichache vya kitaifa ambavyo pia vitakuwa shule.

Roboti na umbali

Wapo watakaosema kwamba teknolojia itaviruka vikwazo hivi vyote. Mnamo Juni 2025, Dkt Vipul Patel akiwa Florida, Marekani, aliendesha roboti iliyomfanyia upasuaji wa saratani ya tezi dume mgonjwa aliyekuwa Luanda, Angola, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki. Ilikuwa hatua kubwa. Lakini kando ya mgonjwa kulikuwa na timu ya upasuaji iliyojiandaa kuendelea na kazi endapo mawasiliano yangekatika. Pasipo na timu kama hiyo, upasuaji wa mbali hauwezekani.

Aidha, wazo lenyewe si geni. Septemba 2001, Marescaux akiwa New York alimwondoa mgonjwa wa Strasbourg kibofu cha nyongo kwa njia hiyo. Takriban robo karne baadaye, wagonjwa wengi mno duniani bado wanamtegemea daktari aliye nao chumbani.

Ubobezi usiwe pia kisingizio cha kudharau upasuaji wa wazi. Umeme ukizimika, kamera ikiharibika au mshipa mkubwa ukipasuka, bingwa wa matundu madogo hulazimika kufungua tumbo papo hapo. Daktari asiyeweza kufanya hivyo ni hatari. Hivyo basi, mafunzo ya juu yajengwe juu ya msingi wa ubingwa, yasichukue mahali pake.

Yanayowezekana

Kwanza, nafasi chache lakini za kudumu za ubobezi ziundwe katika hospitali kuu za rufaa kama vile Kenyatta jijini Nairobi na Moi mjini Eldoret, nazo ziwe na mshahara. Mgomo wa madaktari wa Machi hadi Mei 2024 uliwakumbusha Wakenya jinsi malipo ya madaktari walio mafunzoni yalivyo suala nyeti. Ni vigumu kumtaka bingwa mwenye familia arudi darasani kwa miaka miwili bila riziki. Naye anayelipiwa atie saini ya kutumikia hospitali ya umma kwa muda maalum, na kumfunza angalau mwenzake mmoja.

Pili, mkataba wowote wa kununua au kukodisha vifaa utaje mafunzo ya timu nzima: daktari, wauguzi wa chumba cha upasuaji, mtaalamu wa dawa ya usingizi na fundi wa vifaa. Muuguzi asiyejua kuunganisha kamera au kusafisha kifaa ipasavyo anaweza kusimamisha kazi ya siku nzima bila kukusudia.

Tatu, kila upasuaji uandikwe katika daftari linalokaguliwa: nani aliufanya, nani alisimamia, na iwapo mgonjwa alipata matatizo baadaye. Baraza la madaktari, KMPDC, ndilo hutoa leseni. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, ndiyo hulipa. Zikiungana kudai rekodi hizo kabla ya kukitambua kituo cha ubobezi, nidhamu itaingia bila kelele.

Mwisho, mgonjwa na jamaa zake nao wana nafasi yao. Wana haki ya kuuliza: Daktari, umefanya upasuaji huu mara ngapi, na nani alikusimamia ulipokuwa ukijifunza? Wengi huona haya kuuliza, wakidhani ni utovu wa adabu. Daktari aliyefunzwa vyema hatachukizwa, kwa kuwa alikwisha kulijibu swali hilo mbele ya mwalimu wake.

Mashine huchakaa baada ya miaka michache na kupelekwa ghalani. Daktari anayefikia ubobezi akiwa na umri wa miaka 38 anaweza kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 20, na kuacha nyuma yake wanafunzi ambao nao watawafunza wengine. Bajeti za afya zinapojadiliwa katika Bunge la Kitaifa na mabunge ya kaunti, wananchi na wakusome makadirio hayo kwa makini. Wakiona bei ya mashine, watafute kando yake mshahara wa mwanagenzi na wa mwalimu wake. Wasipouona, waulize.